Barua ya wazi kwa walimu wa ajira mpya kuhusu maneno yaliyomo kwenye mkataba wa mkopo

Wanangu walimu,

Poleni na safari, na hongereni kwa kuripoti kwenye vituo vyenu vya kazi. Nimefundisha hadi kustaafu, na kwa miaka mingi nilikuwa mjumbe wa kamati ya mikopo ya SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya walimu, hivyo ninajua kinachofuata: maofisa mikopo watafika shuleni na fomu zao hata kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Sina ugomvi na mkopo, kwani nyumba nyingi za walimu nchini zimejengwa kwa mkopo. Ninachowaomba ni kwamba asiwepo miongoni mwenu atakayesaini karatasi yenye maneno asiyoyaelewa.

Anzeni na riba. Ukiambiwa kuwa riba ni asilimia 24 kwa mwaka, bado hujaambiwa gharama ya mkopo mpaka uulize asilimia hiyo inakokotolewa juu ya kiasi gani. Wapo wanaoikokotoa juu ya mkopo wote wa awali, tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata pale ambapo umekwisha kurejesha zaidi ya nusu. Na wapo wanaoikokotoa juu ya salio lililobaki tu, ambayo ndiyo riba inayopungua. Chukueni mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12. Kwa njia ya kwanza utalipa riba ya shilingi 240,000, na rejesho la kila mwezi litakuwa takriban 103,300. Kwa njia ya pili, kwa asilimia ile ile na muda ule ule, rejesho ni takriban 94,600, na riba yote haifiki 135,000. Zaidi ya laki moja imeondoka kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa.

Kisha kuna ada ya kushughulikia mkopo na bima ya mkopo, ambazo mara nyingi hukatwa juu kwa juu kabla fedha haijaingia kwenye akaunti, ukajikuta unalipa riba ya milioni nzima ilhali mkononi ulipokea pungufu. Bima hiyo ina kazi yake, kwa maana hulipa deni mkopaji akifariki dunia, na familia haiachiwi mzigo. Lakini ombeni kusoma masharti yake, mjue inalipa nini na hailipi nini. Njia rahisi ya kulinganisha wakopeshaji wawili ni kumtaka kila mmoja aandike jumla ya shilingi zitakazoingia mkononi mwako na jumla ya shilingi utakazorejesha hadi siku ya mwisho. Anayekataa kuiandika jumla hiyo, achaneni naye.

Mtasikia pia habari ya theluthi. Kwa mtumishi wa umma, mshahara unaobaki baada ya makato haupaswi kuwa chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Nimewaona vijana wakiichukulia kanuni hii kana kwamba wameshauriwa kukopa hadi wafike hapo, na inaniuma, kwa sababu imewekwa ili mtu asilale njaa, na anayeishi kwenye theluthi ndiye anayekimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, mtoto akiugua. Vivyo hivyo, benki nyingine ikija kununua mkopo wako na kukuongezea fedha kidogo, tazama muda: deni lililobakiza miezi 20 linaweza kugeuka la miezi 60.

Juu ya udhamini nitasema kwa uzito. Mdhamini si shahidi wa tabia njema ya mwenzake. Ukisaini kama mdhamini umekubali kulipa deni iwapo mkopaji atashindwa, na kwenye SACCOS akiba yako inaweza kushikiliwa mpaka deni hilo liishe. Mkatalie rafiki kwa upole leo, kuliko kuvunja urafiki baadaye.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Ombeni kuiona leseni. Na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri usimkabidhi mkopeshaji yeyote, hata akisema ndiyo dhamana anayoitaka, kwa kuwa atakuwa wa kwanza kufika kwenye mshahara wako kila mwezi.

Kwa upande wa akiba, fahamuni kwamba amana za benki zina bima ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kikomo chake kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 1,500,000 hadi 7,500,000 kwa mwenye amana katika benki moja. Jambo hili si la nadharia tu, maana mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano. Bima hiyo haihusu akiba za SACCOS, wala vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambavyo thamani yake hupanda na kushuka kulingana na kile mfuko ulichowekeza. Hatifungani ya Serikali ni mkopo unaoipa Serikali wewe mwenyewe, nayo hukulipa riba kila baada ya miezi sita. Hisa hukufanya mmiliki wa sehemu ya kampuni, na gawio hutolewa pale tu kampuni inapoamua kuligawa. Anayewaahidi faida kubwa ya uhakika ndani ya wiki chache si mwekezaji. Sisi wa umri wangu tunawakumbuka waliokwenda kwenye upatu wa DECI "kupanda mbegu", yaani kuweka fedha wakiahidiwa kuvuna zaidi, hadi mwaka 2009 ulipofika na fedha zao hazikurudi.

Mkiona mmekatwa kisichokuwemo kwenye mkataba, pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa mkopeshaji mwenyewe kwanza, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipowatendea haki, ipelekeni nakala hiyo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, pamoja na mkataba na taarifa ya akaunti.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu