Mhariri, yule malkia wa Ufaransa mwacheni apumzike

Mhariri, naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua. Mimi ni msusi hapa Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni, na gazeti lenu saluni kwangu linasomwa kwa zamu, aliye kwenye draya anashika yeye, anayesukwa anasomewa. Juzi mlitoa katuni ya mama mmoja wa siasa mmemvalisha wigi refu kama mnara wa simu, mkononi keki, chini mmeandika Marie Antoinette wa Kanda ya Ziwa. Wateja walicheka na mimi nikacheka, ila baadaye nikajiuliza, mbona kwenye ile katuni yeye yuko peke yake, wale wanaume aliokaa nao kupitisha yale matumizi wameenda wapi?

Tuanze na hiyo keki maana ndo inaniudhi zaidi. Hakuna ushahidi wowote kwamba Marie Antoinette, yule malkia wa Ufaransa, alisema watu wakikosa mkate wale keki. Aliyeandika maneno hayo ni mwandishi Rousseau, miaka ya 1760 hiyo, na aliandika ni binti mfalme fulani tu hakutaja jina, wakati huo Marie Antoinette aliyezaliwa 1755 ni katoto kako Vienna, Austria, hata Ufaransa hakajafika. Halafu sio keki jamani, ni briyoshi, mkate wa mayai na siagi, hapa Mwanza ungesema skonzi ukaeleweka.

Aliolewa 1770 ana miaka 14. Kumi na nne mhariri! Akapelekwa ukweni nchi ya watu, akapewa jina la Yule Mwaustria, ambalo kwa Kifaransa linaishia na neno la jike la mbwa, basi watu wakapata cha kuchekea. Deni la serikali lilitokana sana na vita, hasa kuwasaidia Wamarekani wapigane na Mwingereza, kufika 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali ni kulipa deni tu, lakini jina la Madam Defisiti, yaani mama wa pengo la bajeti, akabandikwa yeye na magauni yake. Sisemi hakuwa mtumiaji, alikuwa anatumia haswa. Ila ile kesi ya mkufu wa almasi ya 1785, mkufu hakuagiza, hakuuvaa, matapeli walimdanganya kadinali mzima kwa jina lake, na bado mtaani akaonekana mwizi ni yeye. Sisi majirani wa mgodi wa Mwadui tunajua hadithi za almasi zinavyokua zikitembea.

Hata nyimbo ni hivyo hivyo. Ile Karmanyole, wimbo wa mapinduzi yao wa 1792, inaanza na Madam Veto, ndo yeye huyo, kwamba kaahidi kuchinja Paris nzima, Bwana Veto, mumewe, anakuja ubeti wa nyuma, wakati hiyo veto, nguvu ya kuzuia sheria, kwenye katiba yao ilikuwa ya mfalme, mke hakuwa nayo kabisa. Na Ufaransa haijawahi kutawaliwa na mwanamke kwa jina lake mwenyewe, sheria yao ilikataa, wengine walishika tu kwa niaba ya watoto wao. Huku kwetu Buha, Kigoma, Mwami Theresa Ntare alikalia kiti cha utemi wa Heru mwenyewe, lakini katuni yake sijawahi kuiona.

Filamu ile ya Marie Antoinette ya 2006 niliiona kibanda umiza Igoma, imetafsiriwa, kuna sehemu katikati ya viatu vya kifalme inapita raba ya siku hizi, mtafsiri akasema hizo za mtumba Mlango Mmoja, watu hoi. Filamu inaishia anapoondoka Versailles, kichwa hakikatwi, basi kibanda kizima kikalipuka tunataka kichwa, rudisha hela. Nikawa nawaza watu wa Paris nao ni wale wale, kwenye ufunguzi wa Olimpiki 2024 walimsimamisha dirishani kwenye jengo lile lile alilofungwa, gauni jekundu, kichwa kakishika mkononi kinaimba.

Na lile mlilomchorea sio wigi la Marie Antoinette. Kama msusi naomba muandike sahihisho. Ni nywele zake, zinapandishwa kwa pedi na mafuta zinapigwa poda, 1778 kuna mtindo mwanamke anabeba meli kichwani kwa ajili ya vita vya baharini. Maharusi wangu wameomba maua, wameomba taji, meli bado.

Siku ya kukatwa kichwa na wanamapinduzi, tarehe 16 Oktoba 1793, nywele walizikata kwanza ili zisizuie kisu. Mchoraji David alimchora akipita kwenye mkokoteni, mistari michache tu ya wino, mama wa miaka 37 kakaa wima, mikono imefungwa nyuma, kofia ndogo ya kitambaa, chini yake vinywele vimekatwa ovyo kama mtu aliyenyolewa na mkasi wa kukatia samaki. Mwambieni mchora katuni wenu aiangalie ile kabla hajashika kalamu tena.

Msusi wa Kirumba, Mwanza