Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya kuhusu mikoko yetu

Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima, na ile fulana ya siku ya kupanda mikoko bado unayo.

Bamvua la juzi, yale maji makuu ya bahari, limevunja tuta letu. Maji ya chumvi yameingia bondeni mpaka kwenye mpunga uliokwishabeba mimba. Nimeyaonja ndani ya jaruba langu, chumvi tupu. Ardhi hiyo sasa ingojee mvua iioshe, nasi tungojee mchele wa dukani, tena kwa mkopo.

Wataalamu wanasema bahari inapanda. Sawa, sibishani nao. Lakini ng'ambo ya hori bahari ni hiyo hiyo, mikoko haijaguswa, na mpunga wao umesimama. Huku kwetu mikoko ya kila aina imekatwa: mkandaa umekwenda fito, mkoko wenyewe umekwenda boriti, masalio yameishia kwenye matanu ya kuchomea chokaa. Gari za ng'ombe hupita usiku, tunazisikia. Sheha, mkubwa wa serikali hapa mtaani, anazisikia. Hata wewe ungezisikia, lau ungelala huku.

Sheria zipo: ya misitu Nam. 10 ya 1996, ya mazingira Nam. 3 ya 2015. Anayekamatwa ni bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani. Mwenye boriti labda ana kibali, labda ana watu wake. Hicho kibali hatujaoneshwa.

Halafu ile miche yenu. Wazee walikwambieni pale ni mchanga na mawimbi yanapiga, hapo huota mlilana, aina nyingine ya mikoko; mkoko wenyewe hausimami. Mkachomeka, mkapiga picha, mkaondoka. Haukubaki mche hata mmoja.

Najua wakubwa wakiangalia mikoko huona tope na mbu. Sisi humo ndimo wanamokulia kamba na kaa, na kando yake wake zetu huokota chaza. Na hata isingetupa kitu, Mheshimiwa, ni viumbe vya Mungu, tumekabidhiwa, tutaulizwa. Wewe umekabidhiwa zaidi yetu, na kiapo umekula mbele za watu.

Ulituahidi walinzi, boti ya doria, tuta la saruji, na fidia. Yote hayo nakusamehe. Fulana pia siitaki. Ifunge tu ile njia ya gari za ng'ombe inayoshuka pwani. Gogo moja, na mtu mmoja wa kulilinda usiku. Bamvua jengine linakuja mwezi ukiandama. Ifunge kabla yake, tafadhali. Ifunge.

Wako mtiifu, bado,
Mkulima wa mpunga, Pemba