Mwaka ambao simu haikuita

Mwanangu,

Jana mama yako alipopiga, ulisema "niko salama", ukanirudishia simu, ukaingia chumbani. Hukumkosea adabu. Ila nilimsikia akikohoa, kile kikohozi chake cha kuzuia kilio, halafu akaniuliza kama umeshanipita kimo. Usingizi haukuja. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo ningebabaika.

Najua unaamini kwamba mwaka ule wa kwanza, mama yako alipokwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani, alikusahau. Kosa ni langu. Mwajiri wake wa kwanza alimchukulia pasipoti siku ileile aliyofika, na simu akawa anaipata kwa kuiba dakika. Siku ya mapumziko hakuwa nayo. Upo Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unaosema mfanyakazi wa nyumbani apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, tena akae na hati zake za kusafiria mwenyewe. Niliusoma usiku baada ya usiku, nikitafuta mahali pa kumshika yule mwajiri. Lakini mkataba huo unaibana nchi iliyouridhia tu, na nchi aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa bado.

Wewe ulikuwa na miaka 6. Kila jioni uliniuliza, na kila jioni nilikujibu, "Mama ana kazi nyingi." Nilidhani nakukinga na hofu. Kumbe nilikuwa nakuambia kwamba kazi ni kubwa kuliko wewe.

Lipo lingine, na hili linaniuma zaidi. Alipokuja likizo mara ya kwanza ulishikwa na homa usiku. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chako, kikombe cha maji mkononi. Ukashuka, ukampita, ukaja hadi mlangoni kwangu: "Baba, naomba maji." Nikakichukua kikombe kilekile mkononi mwake, nikakunywesha. Mwanangu, kwa kitambo kidogo nilifurahi. Watu walikuwa wamenisema sana, kwamba nimegeuka yaya, kwamba mwanamume hawezi kulea, na pale nikajiona nimewashinda. Kisha nikaiona mikono yake, ngozi imechanika kwa dawa za kusafishia, imebaki wazi vilevile kama bado imeshika kikombe. Ilinipasa nikushike mkono nikurudishe kwake. Sikukurudisha.

Sikukulea kwa kumsaidia mama yako. Wewe ni wangu, na kukuogesha, kukukalisha uandike, kukukeshea, hayo yote yalikuwa yangu, na ningeyafanya tena bila kuombwa. Lakini unakumbuka ninavyokugusa nyayo kwanza ukiumwa, kabla ya paji la uso? Ulikuwa ukicheka na kuuliza nani alinifundisha. Ni yeye. Katika zile dakika za kuiba, ananong'ona ili asisikike, hakuzitumia kunilalamikia mateso yake. Alisema, "Homa yake huanzia miguuni, mguse huko."

Sasa ana mwajiri mwingine, mtu anayemheshimu, na pasipoti iko kwenye begi lake. Keshokutwa ni siku yake ya mapumziko. Muulize mwaka ule ulikuwaje. Nimeshamwambia kwamba nitakueleza, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema sawa. Nitawaachia simu nikae nje mpaka mmalize, hata kama ni usiku.

Baba yako.