Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni kuhusu vibali vya viwanja vya padel

Ndugu Mkurugenzi,

Padel, mchezo wa raketi wa watu wanne ndani ya uwanja uliozungukwa na kuta za vioo, imeshaingia Dar es Salaam, na kwa kasi iliyoenea nayo Ulaya, ofisi yako itegemee maombi mengi ya vibali. Ombi letu ni kwamba mwombaji asilete mchoro wa uwanja peke yake. Alete na mchoro wa nyumba zinazouzunguka, wenye vipimo, na madirisha yaonekane.

Uholanzi imeonyesha sababu. Uwanja wa padel una mita 20 kwa 10. Wa tenisi, pamoja na nafasi za pembeni, hula takriban mita 36 kwa 18. Vilabu vya tenisi vikaona pa kupata faida: mahali pa uwanja mmoja wa zamani panaingia viwili vya padel, na walipokuwa wakicheza watu wawili au wanne wanacheza wanane. Kwa jirani ikawa kesi. Raketi ya padel haina nyuzi. Ni povu gumu lililofunikwa faiba au kaboni, na mpira ukiligonga hutoa mlio mfupi, mkavu, kama nyundo juu ya mbao. Mlio wa kushtukiza namna hiyo sikio haliuzoei hata ukiwa si mkubwa. Ongeza mpira unaogonga kioo na watu wanne wanaoitana. Majirani walikwenda mahakamani, na chama cha tenisi cha huko kikalazimika kutoa mwongozo wa kelele za padel.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mahali pa wazi, sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: toka mita 10 hadi 20, kisha toka 20 hadi 40. Kwa hiyo mwombaji anayeahidi kuusogeza uwanja mita 3, wakati nyumba iko mita 30, hajapunguza hata desibeli moja. Michongoma nayo huzuia macho tu. Ukuta unaofaa ni mzito, hauna upenyo chini, uko karibu na uwanja, na ni mrefu kiasi kwamba mtu aliye dirishani kwake hawaoni wachezaji. Jirani akikaa ghorofani, ukuta wa mita 3 ni kazi bure; hapo kinachobaki ni kuezeka na kuziba upande wake, au kutafuta kiwanja kingine. Saa ya kufunga iandikwe kwenye kibali tangu mwanzo, maana mwekezaji akishazoea mapato ya saa nne usiku hutamwondoa.

La pili ni viwanja vya mtumba. Hispania, ambako padel ilifika Marbella mwaka 1974 ikitokea Meksiko, imeukuza mchezo kwa miongo kadhaa. Uswidi ilitaka kufanya vivyo hivyo kwa misimu miwili. Wakati wa korona kila ghala tupu liligeuzwa ukumbi wa padel. Watu waliporudi kwenye mazoezi yao ya zamani, kuanzia 2022, kumbi zikafungwa na kampuni zikafilisika. Uwanja wa padel hufungwa kwa boliti, hivyo hufunguliwa na kuuzwa tena. Ukiletwa huku, mkaguzi auangalie kwa macho mawili.

Fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi mkavu haikujiandaa kwa upepo wa chumvi wa Msasani. Rangi peke yake haitoshi: chuma kiwe kimechovywa kwenye zinki kabla ya kupakwa rangi, na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kutu huanzia ndani ya matundu na chini ya bamba la nguzo, mahali ambapo rangi mpya huficha vizuri sana.

Kioo ndicho cha kuogopwa zaidi. Uwanja wa kawaida una vioo 18: 14 vya mita 3 kwa 2, na 4 vya mita 2 kwa 2. Kikubwa chenye unene wa milimita 12 kina uzito wa kilo 180 hivi. Kimeimarishwa kwa joto la tanuru, kwa hiyo hakikatwi wala kutobolewa tena. Fundi akikuta tundu halilingani na fremu akalilazimisha kwa spana, kioo hubaki na mkazo na siku moja humwagika chenyewe, bila kuguswa na mtu. Mara nyingi kosa liko chini: jamvi la zege limetitia, au mkanda wa zege unaobeba nguzo haukuwekewa nondo za kutosha, na nguzo imeinama.

Kwa hiyo mkaguzi aje mara mbili. Mara ya kwanza nondo zikiwa bado zinaonekana, kabla ya zege kumwagwa. Ya pili nguzo zikiwa zimesimama na vioo vikiwa bado chini: azipime kwa pima maji moja moja, na ahakikishe kila tundu lina washa ya mpira ili chuma kisigusane na kioo.

Wako,
Wajenzi na makocha wa michezo ya raketi, Dar es Salaam