Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mgeni Huja na Bajeti Aliyoipanga Kwao

Ndugu wanachama,

Kwenye mkutano mkuu uliopita mwenzetu mmoja aliinuka akauliza swali lililopigiwa makofi: ni taifa gani lenye wageni wanaotoa fedha, ili sisi wenye hoteli na nyumba za wageni tuwashughulikie hao na kuacha kuhangaika na wengine? Kamati ikakabidhiwa kazi ya kulijibu. Taarifa yangu karibu yote ni jibu hilo, maana ndilo lililotuchukulia muda mrefu, na naamini lina faida kwetu kuliko jambo jingine lolote tulilolifanya mwaka huu. Yale ya kawaida nayataja kwa kifupi: hesabu zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma mwenyewe, wanachama wengi wamelipa ada, na wachache waliobaki wameshaandikiwa barua.

Tuliwaomba wanachama wafanye jambo dogo. Mgeni anapolipa na kuondoka, kama ana nafasi na hana haraka, aulizwe kwa heshima alivyoipanga safari yake: fedha alianza kuiweka lini, alilipia nini mapema, nini kilimshtua. Wageni wengi walifurahi kuulizwa. Tulipokaa na majibu yao, tuliona kwamba swali letu la mwaka jana lilikuwa limekosewa.

Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2024 watalii waliovuka mipaka ya nchi zao walikuwa kiasi cha bilioni 1.4. Ndani ya umati huo yumo Mjerumani anayelala hemani, na yumo Mjerumani anayelala kwenye chumba ambacho hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukijenga. Pasipoti haikuambii pochi ya mtu ina kiasi gani. Inakuambia mambo mengine: fedha ya likizo humfikia lini, siku zake za mapumziko ni ngapi, sheria ipi inamlinda akidhulumiwa, na amezoea kuona bei ikiandikwa vipi. Ukiyajua hayo manne, mengi tuliyoyaita ubahili au fujo yanaeleweka.

Nianze na fedha inakotoka. Uholanzi, mwajiri anatakiwa kisheria kumpa mfanyakazi posho ya likizo isiyopungua asilimia 8 ya mshahara wake wa mwaka, na kwa kawaida posho hiyo hutoka mwezi Mei. Austria, mikataba ya pamoja ya kazi imewazoesha watu wengi kupokea mishahara 14 kwa mwaka, miwili ikija kwa ajili ya likizo na Krismasi. Brazil, katiba ya mwaka 1988 inampa mfanyakazi anayekwenda likizo nyongeza ya theluthi moja ya mshahara wake. Mtu wa namna hiyo ana fungu lenye jina. Ile ni fedha ya likizo, si ya kodi ya nyumba wala ada ya shule, na akiitumia hajisikii vibaya. Ila likishakwisha limekwisha, na ndiyo maana Mholanzi aliyelipa kila kitu mapema anaweza kukataa huduma ndogo ya ziada siku ya tano, ukashangaa.

Marekani hali ni nyingine kabisa. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri wa kampuni binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Kila kitu ni makubaliano ya mtu na kazi yake. Ujerumani, kwa upande wake, sheria ya mwaka 1963 inatoa siku 24 za kazi kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, yaani wiki nne nzima, na wengi hupata zaidi ya hapo kwa mikataba yao. Hesabu za watu hawa wawili haziwezi kufanana. Mwaka huu nilikuwa na familia mbili kwenye ghorofa moja. Wamarekani walikuja kwa usiku nne, wakachagua chumba cha bei ya juu kwa kuwa kiko karibu na walichokuja kukiona. Baba akaniambia kwamba kwake saa moja ya kusafiri ni ghali kuliko tofauti ya bei. Wajerumani walikuja kwa wiki mbili. Waliuliza bei ya maegesho, bei ya kufua nguo, na kama maji ya kunywa yanalipiwa. Mfanyakazi wangu wa mapokezi akanong'ona kwamba hawa ni wagumu. Nikamwambia achukue karatasi azidishe kila kitu kidogo kwa siku 14. Alipomaliza kuzidisha alinyamaza, na jioni ile tukaondoa malipo ya maji kwa kila anayekaa zaidi ya wiki.

Hao Wajerumani, mwisho wa yote, ndio walioniachia fedha nyingi zaidi.

Jambo la pili, ambalo limetuletea ugomvi mwingi kuliko yote, ni namna bei inavyoandikwa. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, bei anayoonyeshwa mnunuzi wa kawaida lazima iwe na kodi ya ongezeko la thamani ndani yake. Mtu aliyekulia huko akiona bei, anaiona kuwa ndiyo ya mwisho. Ukimwongezea mstari wa kodi na mstari wa huduma siku ya kuondoka, kwake umemdanganya, hata kama uliandika kwa herufi ndogo mahali fulani. Mmarekani amezoea kodi kuongezwa kwenye malipo, na kwenye mgahawa huweka kando asilimia 15 hadi 20 ya bakshishi kabla hajaketi. Lakini hata kwao uvumilivu umefika kikomo: tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inazitaka hoteli na nyumba za kukodi za muda mfupi zionyeshe jumla yote, pamoja na zile ada za lazima zilizokuwa zikijitokeza mwishoni. Kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa baadaye, ila ada za hoteli yenyewe haziwezi tena kufichwa.

Nakiri kosa langu hapa. Kwa miaka kadhaa nilitoza ada ya huduma ambayo haikuwa kwenye bei ya kwanza. Mwanamama mmoja kutoka Ufaransa, mstaafu aliyekuja na dada yake, alitoa daftari lake mbele yangu. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na siku ya mwisho alikuwa amebakiza kiasi cha teksi ya uwanja wa ndege. Ada yangu ililingana na teksi hiyo. Aliilipa bila kelele, na sikumwona tena, ingawa alikuwa ameniambia atarudi. Tangu siku hiyo sijatoza ada ile.

Wajapani walitufundisha tofauti ambayo hatukuifikiria. Kwenye nyumba za wageni za kimila za Japani, zile ziitwazo ryokan, bei kwa kawaida ni ya mtu mmoja, pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa. Mwanachama wetu mmoja aliandikiwa na mume na mke kutoka huko wakiuliza kama bei ni ile waliyoiona. Akajibu ndiyo. Wakatuma mara mbili yake. Aliwarudishia nusu siku hiyohiyo, na nampongeza mbele yenu, lakini tujiulize ni wangapi waliofanya hesabu hiyohiyo kimyakimya, wakatuona ghali, wakaenda kwingine bila kuuliza. Neno moja tu lilikosekana kwenye bei zetu: kwa chumba, au kwa mtu.

Tatu ni ulinzi. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya Uingereza ya kuuza safari, Thomas Cook, ilifilisika, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha nyumbani wasafiri zaidi ya 140,000 waliokuwa nje. Waliokuwa wamenunua safari nzima kwa kifurushi walilindwa na ATOL, mpango wa Uingereza wa kuwalinda wanunuzi wa safari za namna hiyo, ulioanza mwaka 1973. Mwingereza hajaisahau siku ile. Zaidi ya hayo, sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974 inaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000. Kwa hiyo akikataa kutuma malipo ya awali kupitia benki na kusisitiza kadi, hakudharau. Analinda akiba ya mwaka. Wapo wanachama waliopoteza wageni mwaka huu kwa kushikilia kwamba kadi inakatwa makato. Inakatwa kweli. Chumba kitupu kinakata zaidi.

Halafu kuna wageni ambao mipango yao inabanwa na mambo yasiyo mikononi mwao. Tangu Machi 2022, Visa na Mastercard zilipositisha kazi zake Urusi, kadi za mitandao hiyo zilizotolewa na benki za nchi hiyo hazifanyi kazi nje. Mrusi anayekuja na noti mkononi hana njia rahisi nyingine, na tusimtilie shaka. India, kuanzia Oktoba 2023 hadi Machi 2025, aliyenunua kifurushi cha safari ya nje kinachozidi rupia 700,000 alikatwa asilimia 20 ya kodi juu ya kile kilichozidi. Kodi hiyo ilihesabiwa baadaye kwenye kodi yake ya mapato, lakini fedha ilitoka siku ileile. Mgeni mmoja kutoka huko alimweleza mwenzetu kwamba ndiyo sababu familia yake ilinunua tiketi, chumba na matembezi kila kimoja peke yake, jambo lililokuwa limetuudhi kwa barua nyingi za kuulizana. Kwa Wabrazil, ambao nyumbani kwao kulipa kwa awamu bila riba kwa kadi ni jambo la kila siku, swali mara nyingi si bei ni ngapi bali kila mwezi ni ngapi. Na China, sheria ya utalii iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2013 ilipiga marufuku safari zilizouzwa kwa bei ya chini mno kisha fedha ikarudishwa kwa kuwapeleka wageni kwenye maduka. Mawakala wanaotushinikiza tushushe bei ya chumba hadi isiyo na maana, kwa ahadi kwamba wageni watanunua vitu, wanatuomba biashara ambayo nchi yao wenyewe imeikataza. Tuwaambie hapana.

Sarafu nayo tusiisahau. Mwaka 2019 Wajapani waliokwenda nje ya nchi yao walikuwa milioni 20 na zaidi kidogo. Mwaka 2024, yeni ilipodhoofika hadi kupita 160 kwa dola moja, walikuwa kama milioni 13. Sababu ni zaidi ya moja, lakini yeni ni mojawapo kubwa. Mgeni yuleyule, mwenye mshahara uleule, anaweza kurudi miaka mitano baadaye akachagua chumba kidogo. Si kwamba huduma yetu imeshuka.

Nalazimika kusema pia lililoniumiza. Katika barua za wanachama kwa kamati mwaka huu nilisoma maneno kama “hawa ni wabahili kwa asili” na “wale hupenda kupoteza fedha”. Naomba tuyaache. Tulipolinganisha majibu ya wageni, kijana wa Kiitalia na kijana wa Kikorea wanaosafiri na mabegi mgongoni walifanana kwa bajeti kuliko kila mmoja wao na wazazi wake. Wazazi wenye watoto wadogo, popote watokapo, hutaka kujua gharama ya kitanda cha ziada kabla ya jambo lolote. Wastaafu huulizia mapumziko marefu nje ya msimu wa wageni wengi. Umri na familia vinasema mengi, na hayo hayamo kwenye pasipoti.

Kamati inaleta mapendekezo yatakayopigiwa kura leo. La kwanza ni kwamba kila mwanachama aandike bei moja kamili, kodi na ada zote zikiwa ndani, na aseme wazi ni kwa chumba au kwa mtu, na kama kifungua kinywa kimo. La pili, tupokee kadi sote. La tatu, tuwe na kalenda ya pamoja ya likizo za nchi wanakotoka wageni wetu: posho ya Mei ya Waholanzi, mapumziko ya Wajapani mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, wiki ya kwanza ya Oktoba ya Wachina, likizo za shule za Ulaya. Matangazo na bei za mapema vitoke kabla fedha haijapata kazi nyingine.

Hatukukubaliana wote. Mjumbe mmoja wa kamati anasema atakayeonyesha bei kamili ataonekana ghali kando ya jirani anayeficha nusu. Ana hoja. Mimi mwenyewe, nilipobadilisha bei zangu, miezi miwili ya kwanza nilipata maulizo machache. Waliokuja, hata hivyo, hawakugombana na mapokezi siku ya kuondoka, na baadhi yao tayari wameweka nafasi tena. Kama pendekezo litapita, lipite kwa wanachama wote kwa tarehe moja, asiachwe mtu kubeba hasara ya uaminifu peke yake.

Suala la wageni wa muda mrefu, wanaotaka kukaa miezi miwili au mitatu kwa bei ya mwezi, hatukulimaliza. Wengine wenu mna uzoefu nao kuliko kamati. Naomba kila aliyewahi kuwapokea alete nakala za bili zao, majina yakiwa yamefutwa, tuzipitie pamoja kwenye kikao cha kwanza baada ya mkutano huu.

Mwenyekiti