Barua ya malalamiko: klachi ya gemu lenu la kuendesha magari imekuwa swichi tangu apdeti ya mwisho, naomba irudishwe

Kwenu watengenezaji, kitengo cha huduma kwa wateja

YAH: KLACHI NA GIA ZA MKONO KUHARIBIKA BAADA YA APDETI

Habari zenu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwenye ukurasa wenu wa msaada mmesema mteja aandike kwa lugha anayoiweza, na hili jambo nataka nilieleze bila kukwama katikati, mana nilishawaandikia kwa Kiingereza na jibu la kwanza likawa nifute gemu niliweke upya, alaf la pili likaniambia ninunue usukani unaokubalika. Usukani wangu upo kwenye orodha yenu, hata leo nimeangalia upo, pedali tatu na gia ya mkono ya H, yaani fimbo inayosogezwa kwa kufuata umbo la herufi H, gia sita na rivasi. Na kufuta na kuweka upya gemu la zaidi ya giga 30 huku kwetu sio jambo la kumwambia mtu kirahisi hivyo, hilo ni bando la hela nyingi, nikafanya na bado hakuna kilichobadilika.

Shida yenyewe ni hii. Kabla ya apdeti klachi, ile pedali ya kutenganisha injini na giaboksi, ilikuwa inasoma mguu wangu, nikiachia taratibu gari inaanza kuvuta taratibu, nikishikilia pale inapokamata naweza kubalansi mlimani gari isirudi nyuma wala isiende mbele. Sasa hivi pedali ikipita katikati gemu linahesabu imekanyagwa yote, ikirudi juu kidogo linahesabu imeachiwa yote, hapo kati hamna kitu kabisa. Imekuwa kama swichi ya taa, imewaka au imezima. Gari inaruka kwenye mstari wa kuanzia, tairi za nyuma zinazunguka bure, wenzangu wote wanaotumia klachi ya otomatiki wameshaondoka.

Msiniambie pedali imekufa. Nimefungua lile dirisha la Windows la kupima vifaa vya gemu, nikakanyaga klachi polepole sana, na kile kimstari kinapanda kidogo kidogo mpaka juu na kinashuka kidogo kidogo, hakirukiruki wala hakitetemeki. Alaf nikaingia kwenye gemu nikawasha ile skrini yenu ya telemetria, inayoonyesha gemu linasoma nini kwenye pedali, mguu ule ule, mwendo ule ule, mstari wa klachi unakaa chini kabisa, chini kabisa, unaruka mpaka juu mara moja. Video ya vyote viwili nimeambatanisha, mguu unaonekana na skrini inaonekana. Kwenye magemu mengine ya magari, Assetto Corsa na BeamNG.drive, pedali hizi hizi zinafanya kazi vizuri tu, tena kwenye BeamNG ukiachia klachi vibaya injini inazima, na ukiisugua sana klachi inapata moto inaanza kuteleza, kama gari yoyote ya kweli. Kwahiyo kompyuta ina uwezo, usukani una uwezo, tatizo liko kwenu.

Sasa jambo la pili, na hili ndo lililonifanya nikae chini niandike barua ndefu. Nimezima misaada yote kwenye mipangilio. Klachi ya otomatiki nimezima, gia za otomatiki nimezima, ule msaada wa kupiga resi wakati wa kushusha gia nimezima. Lakini kuna kitu kimebaki kimewashwa ambacho mteja hakioni. Jaribuni wenyewe hapo ofisini: gari imesimama, handbreki juu, weka gia ya kwanza, usiguse mafuta, achia klachi yote. Gari ya kweli inatikisika inazima palepale. Kwenye gemu lenu injini inaendelea kunguruma kwa mizunguko 900 kwa dakika kama vile iko frii. Jaribuni tena kuondoka na gia ya nne, inaondoka. Tena mkiwa kwenye mwendo, msikanyage klachi kabisa, vuteni tu gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, inaingia laini kama siagi ilhali ile ni gari ya barabarani, hamna kusaga, hamna kulia, hamna kugoma.

Najua mnaweza kunijibu kwamba giaboksi za mashindano zinaingia bila klachi. Ni kweli, zile zenye meno makubwa ya kung'ang'aniana, zisizo na sinkronaiza, dereva anaachia mafuta kidogo tu na gia inaingia kwenda juu. Hilo silibishi. Lakini gari ninayoizungumzia hapa ni ya kawaida, ina sinkronaiza, na nyie wenyewe kwenye maelezo ya gari mmeandika hivyo. Sinkronaiza kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, nayo inahitaji klachi iwe imekanyagwa ili injini isiibebeshe mzigo. Ukilazimisha bila klachi na mizunguko haijalingana, inasaga. Fundi yeyote wa giaboksi atawaambia.

Mnisamehe nikienda ndani zaidi, mana naona aliyeandika hiyo apdeti alidhani klachi ni kitufe cha kuruhusu gia ibadilike. Kushusha gia kuna hesabu yake. Tuseme gia ya tatu ina uwiano wa 1.4 na ya pili 2.1, na wewe unakuja kwenye kona injini iko mizunguko 4,000. Ukiweka ya pili kwa mwendo ule ule, injini inatakiwa iwe 6,000. Ukikanyaga klachi injini inaanza kushuka, inafika labda 2,500, kwahiyo ukiachia klachi bila kupiga resi, tairi za nyuma ndo zinalazimishwa kuinyanyua injini kutoka 2,500 mpaka 6,000 kwa kufumba na kufumbua. Zinafunga. Na ukiwa katikati ya kona na gari inasukumwa na tairi za nyuma, unajikuta unaangalia ulikotoka. Ndo mana dereva anakanyaga breki kwa mbele ya mguu wa kulia, na ubavu wa mguu huo huo unagusa mafuta, injini inapanda mpaka 6,000, klachi inaachiwa, gari haishtuki hata kidogo. Kuna video maarufu ya Ayrton Senna, yule bingwa wa Formula 1, yuko kwenye uwanja wa Suzuka kule Japani na Honda NSX, kamera imewekwa miguuni, muangalieni ule mguu wa kulia unavyofanya kazi. Hiyo ndo raha yote ya kununua pedali tatu. Kwenye gemu lenu sasa hivi nikipiga resi au nisipopiga ni mamoja, gari inatulia tu. Kitu nilichojifunza kwa jasho mmekifanya hakina maana.

Na dabo klachi je. Klachi chini, toa gia weka frii, achia klachi, piga resi, klachi chini tena, ingiza gia ya chini. Kwenye magari ya zamani sana yasiyo na sinkronaiza hiyo ndo njia ya kawaida ya kushusha gia bila kelele. Mnalo gari la namna hiyo kwenye gemu, nimelinunua. Linaingia gia zote kama la mwaka huu.

Ambalo limeniuma zaidi ni ile paki, yaani nyongeza ya gemu ya kulipia, ya magari ya rali ya zamani. Niliinunua kwa hela yangu kwa ajili ya gari moja tu, Datsun 240Z, gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ya 1973 akiendesha Shekhar Mehta. Huku kwetu Safari sio habari ya kusoma tu, wazee wanahadithia mpaka leo walivyokuwa wanasimama kando ya barabara ya vumbi kuona magari yakipita. Gari ile ina silinda sita zimekaa mstari mmoja, inasukuma tairi za nyuma, gia ni ya mkono. Nikaiweka kwenye njia ya vumbi, nikitegemea nihangaike nayo, nipige klachi kidogo kuamsha mkia kwenye kona, niibembeleze itoke kwenye tope. Haiwezekani. Klachi haina nusu, ukipiga klachi inapokea zima zima au haipokei.

Alaf mkaruhusu gari hiyo hiyo ibadilishwe gia kwa vibonyezo vya nyuma ya usukani, kwa kasi ile ile ya magari ya kisasa, na muda wake uingie kwenye jedwali moja na sisi wa gia ya mkono. Formula 1 yenyewe gia za vibonyezo zilianza kwenye mashindano mwaka 1989 na ile Ferrari 640, Nigel Mansell akashinda nayo Brazil siku ya kwanza. Datsun ya 1971 inavipata wapi? Mimi kila nikibadilisha gia natoa mkono kwenye usukani, natumia mguu, napoteza muda ambao gari ile kweli ilikuwa inapoteza. Mwenzangu anabonyeza kidole na gia imeshaingia kabla sijafika frii. Simlaumu yeye, anatumia kile mlichompa. Nawalaumu nyie mnaoita hilo jedwali la wanaoendesha bila misaada.

Kwahiyo naomba haya. Kwanza klachi irudi kusoma mguu kuanzia juu mpaka chini kama ilivyokuwa, na mtuwekee sehemu ya kupanga inakamatia wapi, mana pedali za watu hazifanani, wengine zimechoka zinakamatia juu. Pili huo msaada uliofichwa uonekane kwenye mipangilio na mtu aweze kuuzima, injini izime ikitakiwa kuzima, gia igome ikitakiwa kugoma. Wanaotaka urahisi waachiwe urahisi wao, sina neno nao, mtoto anayeanza hawezi kuanza na dabo klachi. Tatu, jedwali la muda ligawanywe, wa gia ya mkono na klachi kivyao, wa vibonyezo kivyao. Hilo la tatu naweza kulisubiri, la kwanza siwezi, mana kilikuwepo na nilikilipia.

Kama hamuwezi kuirudisha klachi kwenye apdeti inayofuata basi naomba mnirudishie hela ya gemu na ya paki ya rali kwa njia ile ile niliyolipia, risiti zote mbili nimeambatanisha pamoja na video na faili la telemetria. Na tafadhali barua hii apewe mtu anayeshughulika na fizikia ya magari, sio tena yule wa kuniambia nifute gemu niweke upya. Akitaka nijaribu kitu chochote kwenye pedali zangu na nimtumie majibu, nipo tayari jioni yoyote baada ya kazi.

Mteja wenu,
Mbagala, Dar es Salaam