Kuokota visukuku Lyme Regis sio wizi

Ndugu Mhariri,

Kuna barua mliitoa juzi juzi, msomaji mwenzangu analalamika eti watalii wanaoenda Lyme Regis, kule Dorset kusini mwa Uingereza, wanaondoka na visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, mifukoni na hakuna anayewagusa, akauita wizi. Mimi huo mji nimefika, naomba nimjibu.

Magenge ya pale, yaani zile kuta za mwinuko kando ya bahari, ni udongo mweusi na chokaa tabaka juu ya tabaka, mvua ikinyesha yanalowa, huku chini bahari inatafuna, basi yanaporomoka tu, 2008 lilishuka poromoko kubwa kati ya Lyme na kijiji jirani cha Charmouth. Yakiporomoka ndo visukuku vya miaka karibu milioni 200 vinamwagika ufukweni, hasa amonaiti, wale jamaa wa zamani wa ngisi wenye gamba la kujiviringa, na bahati ikikuangukia unapata pingili ya uti wa mgongo. Visipookotwa mawimbi yanavisaga, bamvua chache tu kimeshakuwa mchanga. Sasa mtoto aliyekiweka dirishani kwao kaiba nini?

Na sio kwamba kila mtu anajifanyia atakavyo, pwani yenyewe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO toka 2001. Kilichoanguka chenyewe okota, kuchimba genge bila ruhusa marufuku, na ukipata kitu adimu unaombwa ukakiandikishe kituo cha Charmouth ili wanasayansi wajue kipo.

Halafu kama ni wizi, Mary Anning tunamweka wapi? Kazaliwa pale pale 1799, baba yake seremala akafa akaacha madeni, familia ikawa inaokota visukuku na kuwauzia wageni, yaani ndo ugali wao. 1811 kaka yake Joseph akaona fuvu, mwaka uliofuata Mary akapata mwili uliobaki, ikithiosauri, mnyama wa baharini ambaye wataalamu wa enzi hizo walikuwa hawamjui vizuri, na yeye bado mtoto! 1823 akatoa plesiosauri, mnyama mwingine wa baharini wa kale mwenye shingo ndefu, karibu mzima. Mabwana wakubwa wakanunua, wakaandika makala wakasifiwa, jina la Mary mara nyingi hawakulitaja, na Jumuiya ya Jiolojia ya London ilikuja kupokea wanachama wanawake 1919, mwenyewe kafa 1847. Huo ndo wizi wa kuandikia barua. Sanamu yake imesimamishwa pale 2022 tu, tena baada ya kampeni ya binti wa shule na mama yake.

Nakubaliana na mwenzangu kwenye jambo moja, wale wanaojibanza chini ya genge na nyundo wanagonga kama mafundi ujenzi. Hao wanaharibu na wanajitafutia kifo, manake mbwa wa Mary alifunikwa na poromoko 1833, yeye akanusurika kidogo tu.

Anayetaka kwenda aende miezi ya baridi baada ya dhoruba, kiangazi ufukwe umeshachambuliwa na umati wa watu. Atazame saa za maji kupwa kabla hajaanza kutembea kuelekea Charmouth, yakijaa yanagusa genge na njia inakatika. Kwa treni unashukia Axminster, reli ya mpaka Lyme ilifungwa 1965, kutoka hapo unapanda basi.

Msomaji wenu,
Uingereza